Mtamba wa Khocha

Khocha wangu, ndugu ya mama, ndiye aliyenivalisha luliki, kile kipande cha nyama ambacho mjomba humvika kijana shingoni, nilipoenda kumwalika kwa tohara yangu mwaka wa 2012. Kwetu Sirisia, kwa Wabukusu, khocha si mtu wa kuchezea. Agosti 2022 nilimchezea.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka mmoja kabla, karo imekwama, nikawa naandikia watu makala mtandaoni kwa laptopu ya mtumba. Yeye alikuwa Raila damu. Mimi Ruto. Tulibishana hadi tukaandikiana: akishinda Raila, nampa laptopu, akishinda Ruto, ananipa mtamba. Tukaweka saini, majirani wawili wakashuhudia.

Matokeo yakatangazwa tarehe 15: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Khocha akaomba tungoje mahakama. Septemba 5, Mahakama ya Juu ikaidhinisha matokeo. Kesho yake nikaenda kuchukua ng'ombe wangu, na sikwenda peke yangu. Nilienda na boda sita, honi na vuvuzela, na wakati wa kurudi tukapitia sokoni. Khocha alikuwa amefungua kamba mwenyewe, akanikabidhi bila neno. Mkewe aliingia ndani akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Tukikutana matangani, anakaa upande mwingine. Nikawa naambia watu kwamba shida yake ni moja tu: hajui kushindwa.

Machi 7, 2025, nikinywa chai kibandani, niliona kwenye simu Ruto na Raila wakishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya vyama vyao pale KICC, Nairobi. Wenye mechi walikuwa wameshaelewana. Sisi mashabiki bado tulikuwa tumenuniana, na mtamba alikuwa ameshazaa.

Usiku huo nikasoma tena Mwanzo 33. Kanisani kwetu, Friends, amani huhubiriwa sana, na siku zote nilidhani hadithi ile ni funzo la Esau: aliyepoteza ajifunze kusamehe. Safari hii nikaona anayeinama ni Yakobo. Yeye ndiye aliyeondoka na baraka, na ndiye anayeinama mpaka chini mara saba.

Jumatano iliyofuata, giza likiingia, nikampeleka ng'ombe na ndama wake. Khocha akatoka na tochi. Akammulika ng'ombe, akanimulika mimi.

"Ulimchukua mchana. Mbona unamrudisha usiku?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana. Nilitaka amani ambayo haitaniaibisha, ilhali yeye nilimwaibisha mbele ya soko zima. Nikageuza ng'ombe, tukarudi nyumbani.

Yakobo naye alikuwa na usiku wake, akishindana hadi alfajiri. Lakini alipoinama, jua lilikuwa limechomoza. Wake zake wanaona, watoto wanaona, na watu 400 wa Esau wanaona.

Jumamosi, saa nne asubuhi, nilipita na ng'ombe katikati ya soko, kwa miguu, ndama akifuata nyuma. Wale wale wa boda wakapiga honi. Mmoja akauliza kama nimefilisika au nimeokoka. Nikasema narudisha mali ya khocha, na kwamba siku ile nilikosa. Wengine walicheka. Wawili walizima pikipiki, wakanisindikiza.

Khocha alikuwa amekaa nje. Nikamwambia, "Khocha, nisamehe," wale wawili wakisikia. Hakunikimbilia wala kunikumbatia kama Esau. Alisimama polepole, akapokea kamba, akamzunguka ng'ombe akimkagua.

"Anatoa maziwa kiasi gani?"

"Lita nne asubuhi, khocha."

"Kwangu atatoa sita," akasema, kisha akamwita mkewe atuletee viti.

Nikamwachia ushindi huo.