Barua Isiyo na Lebo

Kupanga barua huonekana kazi ndogo ya karani. Hata hivyo, aliyewahi kusubiri jibu la ofisi kwa miezi anajua kwamba barua iliyoingia katika jalada lisilo lake ni sawa na barua ambayo haikuandikwa.

Barua pepe zangu nazipanga kwa Notmuch, programu huria inayoendeshwa kwa amri za kuandikwa. Kila barua mpya zinapoingizwa, kanuni nilizozitunga huzibandika lebo: ada, utafiti, rufaa. Barua moja huweza kubeba lebo nyingi, tofauti na karatasi ya masjala inayokaa katika jalada moja. Baada ya tetemeko la 10 Septemba 2016, lililoharibu vibaya shule za Ihungo na Nyakato huko Bukoba, barua moja ya mkuu wa shule ingeweza kuhusu elimu, ujenzi na maafa kwa pamoja.

Lakini kanuni huona neno, haioni jambo. Utafutaji wa programu hii umejengwa juu ya viishio vya Kiingereza, wakati nomino za Kiswahili hubadilika mwanzoni. Kanuni inayotafuta “mwalimu” huipita barua inayosema “walimu”, mpaka mtungaji ayaandike maneno yote mawili.

Tena kuna suala la adabu. Afisa huandika “YAH:” na kumaliza haja yake kwa mstari mmoja. Mzazi wa Muleba huanza kwa salamu, huuliza hali ya familia, na haja yake huja mwishoni, pengine kwa Kihaya. Kanuni inayosoma kichwa cha barua pekee humpa wa kwanza lebo ya “haraka”, na wa pili haimpi kitu.

Kwa hiyo kanuni yangu ya mwisho ni hii: barua iliyokosa lebo zote hupewa lebo ya “isomwe”, nami huanza siku kwa hizo.

Ofisi za umma nazo zinapokea malalamiko ya wananchi kwa kompyuta. Kabla ya kusifu kasi ya mifumo hiyo, tuulize: kanuni zake zimetungwa na nani, kwa lugha gani, na barua isiyotambuliwa humfikia nani? Swali la tatu likikosa jibu, mwananchi asiyejua kuandika “YAH:” ameshanyimwa haki yake kabla afisa yeyote hajamsoma.