Kujitaja kwa Haki



Mwezi uliopita alinijia kijana niliyemsomesha Qur'ani tangu alifu na bee. Akaniuliza: "Sheikh wangu, wenzangu wanajitangaza kwenye simu kwa picha zao na darsa zao, na watu wanawafuata kwa maelfu. Mimi nimesoma kuliko wao. Je, nikijitangaza nitakuwa nafanya ria?"

Zamani ningemjibu kwa methali ya wazee wetu, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," nikamnyamazisha. Safari hii sikuthubutu, kwani methali hiyo niliwahi kujifichia nyuma yake, na aliyeumia si mimi.

Yapata miaka thelathini nyuma, alifariki mtu mtaani kwetu. Aliacha mke, binti mmoja mdogo, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Baada ya hitima, imamu aliuliza: "Nani hapa anaijua elimu ya mirathi?" Mimi nilikuwa nimeisoma miaka minne mbele ya mwalimu wangu. Nikainamisha kichwa. Nilijiambia kuwa kunyamaza ndiyo adabu, na kwamba wanijuao watanitaja. Hakunitaja mtu. Akainuka mwengine, mwenye sauti kubwa kuliko elimu yake. Akampa mjane thumni yake, na vyote vilivyobaki akampa ndugu wa marehemu, ati mtoto wa kike atalelewa na ami yake.

Haki ya binti yule ilikuwa nusu ya mali nzima. Ami yake alistahiki thumni tatu tu zilizosalia. Nililijua kosa palepale, nikaona haya kusema mbele ya watu. Nilipokuja kupata ujasiri, nyumba ilikwisha kuuzwa na ami kahama.

Basi nilimwambia kijana: Mwangalie Nabii Yusuf (A.S.). Mfalme wa Misri alipotaka atolewe gerezani, hakutoka mpaka kwanza ibainike kuwa alikuwa hana hatia. Alipokwisha kusafika jina lake, aliomba mwenyewe awekwe juu ya khazina za nchi, akajieleza kwa sifa mbili: kuwa ni mlinzi na kuwa ni mjuzi. Sasa tazama asiyoyataja. Hakuutaja uzuri wake, ingawa wanawake walijikata mikono kwa kumwona. Hakutaja nasaba, ingawa alikuwa mwana wa Yaakub, mwana wa Is-haka, mwana wa Ibrahim. Alitaja yale tu ambayo kazi ile iliyahitaji, kwani mbele yao ilikuwepo miaka saba ya neema na saba ya ukame, na watu wangekufa njaa.

Ni kweli Mtume wetu (S.A.W.) alikataza mtu kuuomba uongozi. Lakini wanavyuoni, akiwemo Imamu Qurtubi katika tafsiri yake, wameeleza kuwa anayejijua kuwa anaiweza kazi, na haoni mwengine wa kuisimamia kwa haki, huyo haingii katika katazo hilo.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujajitangaza jiulize mambo matatu. Je, ninalolisema juu yangu ni kweli, hata akilisikia mwalimu wangu? Je, watu wanalihitaji, au ni nafsi yangu inayolihitaji? Na je, wakinisahau na wakaishika elimu, nitafurahi? Ukiweza kujibu bila ya kujidanganya, basi simama useme, wala usione haya. Sifa usiyokuwa nayo ni uwongo, na elimu unayoificha wakati watu wanaihitaji ni amana uliyoikhini. Mimi nilidhani nimeikimbia ria. Kumbe nilikuwa nawaogopa watu, na kumwogopa mtu kuliko Mola wake nako ni maradhi ya moyo.

Binti yule leo ni mama, na mtoto wake anasoma chuoni kwangu. Kwa miaka miwili amekuwa akija kumchukua, akinibusu mkono, naye hajui. Kabla ya kuandika haya nilimwita nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Sheikh, kwa nini hukusema?"

Sikuwa na jawabu. Nilimwomba anisamehe, na bado namngojea.

Mwenyezi Mungu atujaalie kusema haki wakati wake. Amin.