Usiku wa Kileleshwa

Akina mama wenzangu wa kambini huniuliza ilikuwaje mimi, mtumishi wa serikali mwenye cheti cha ualimu tu, nikakaa majuma 3 katika nyumba ya lifti mjini Nairobi. Jibu ni mguu wa mume wangu. Yeye ni sajini. Aliumia nchini Somalia mwaka 2021, akatibiwa Nairobi, na Februari 2023 akatakiwa kurudi huko atazamwe mfupa na kufanyishwa mazoezi.

Tulitoka Kampala kwa basi, safari ya kilomita zipatazo 650, tukavuka mpaka wa Busia kwa vitambulisho vya taifa tu, kama inavyoruhusiwa tangu 2014. Daktari alikuwa ameagiza mgonjwa apate utulivu, kwa maana kelele za ghafula zilimshtua. Basi tukaziacha nyumba za wageni za katikati ya mji, tukapanga fleti yenye huduma mtaani Kileleshwa, upande wa magharibi, penye miti mingi na magari machache. Fedha zilikuwa mkopo wangu wa chama cha akiba, nami nilikatwa mshahara muda mrefu kwa ajili yake.

Nyumba ya namna hii si hoteli, wala si chumba cha kupanga tulichokizoea. Unakuta kitanda kimetandikwa, sufuria, sahani, jokofu na jiko la gesi. Msichana wa kazi huja mara 2 kwa juma kupiga deki na kubadili mashuka. Faida yake kubwa ni jiko. Nilikwenda soko la Kawangware kununua matoke na maharage, na chakula cha juma zima hakikufikia gharama ya siku 2 mkahawani. Walakini, ndugu msomaji, kabla hujatoa hata shilingi uliza kama umeme umo katika kodi. Sisi hatukuuliza. Usiku wa tatu tokeni za mita zikaisha, nikamfunga bendeji kwa mwanga wa simu.

Utulivu tuliupata, tena tele, nao ndio uliotushinda. Kambini ukuta wangu ni ukuta wa jirani. Nikikaanga vitunguu, nyumba ya nne wanajua. Mtoto akilia usiku, mama watatu huamka. Kileleshwa kila mlango umefungwa, na sikupata kulijua hata jina la mtu aliyekaa mkabala nasi. Mume wangu alilala chali, macho wazi, hadi kunapambazuka.

"Kimya hiki ni cha kungojea kitu," aliniambia.

Nakiri kwamba nilikasirika. Nilikuwa nimekopa ili kukinunua kimya hicho.

Usiku wa sita, yapata saa 8, gari lilipiga honi langoni na sauti ikaita kwa nguvu: "Soja! Fungua!" Nairobi mlinzi wa lango huitwa soja, nasi hatukulijua hilo. Kabla sijafumbua macho vizuri mume wangu alikwisha simama wima sakafuni bila magongo, mguu mbovu umebeba uzito wote. Akaanguka. Nilimkuta amejishika goti, anatetemeka, na neno la kwanza alilolitamka lilikuwa: "Nani ameniita?"

Asubuhi mlinzi, mzee wa makamo kutoka magharibi ya Kenya, alipanda juu mwenyewe baada ya kusikia habari kwa msichana wa kazi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Samahani, afande. Walikuwa wananiita mimi."

Mume wangu alicheka, mara ya kwanza tangu Busia. Usiku uliofuata alishuka kwa lifti akakaa naye kwenye benchi la langoni, chupa ya chai katikati yao. Mzee alikuwa na Kiswahili chake, mume wangu cha kambini, na walielewana. Walichozungumza sikuambiwa. Alirudi saa 11 alfajiri, akalala hadi adhuhuri, na siku zote zilizobaki ikawa hivyo. Msimamizi wa nyumba alinijia akisema si desturi mgeni kukaa na wafanyakazi. Nikamwuliza kama desturi hiyo nayo imo katika kodi. Labda nilikuwa mkali kupita kiasi, lakini nilikuwa nimeshinda nikimsikiliza mtu wangu akikoroma, na nisingekubali mtu yeyote aniondolee sauti hiyo.

Siku ya kuondoka msimamizi alihesabu vyombo vyote, na kijiko kimoja kikapungua. Nilijua kilipo: kibandani langoni, ndani ya kopo la sukari. Nikalipa bila kusema neno.