Prodyuza Aliyetoka Nyuma ya Rapa

Sisi tuliokulia kwenye Bongo Fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulizoea kulisikia jina la prodyuza kabla hata ubeti wa kwanza haujaanza. P-Funk Majani wa Bongo Records, Master J, Miikka Mwamba: wasanii wenyewe waliwataja, na msikilizaji mwenye sikio aliutambua mkono wa studio kabla hajajua anayeimba ni nani. Hata hivyo, kutajwa ni jambo moja na kuumiliki wimbo ni jambo jingine. Bango la shoo liliandikwa jina la rapa, jukwaani alipanda rapa, na bahasha ya mlangoni alipokea rapa. Prodyuza alilipwa mara moja, tena mara nyingine kwa maneno matamu. Ndiyo maana muziki wa Durban, Afrika Kusini, ulipoanza kutufikia katikati ya muongo uliofuata, kilichonishika zaidi kilikuwa mpangilio wa majina. Wimbo ulikuwa na jina moja tu, nalo lilikuwa la aliyeutengeneza.

Mfano ulio wazi ni Lwazi Asanda Gwala, anayejulikana kama DJ Lag, kijana wa Clermont, kitongoji kilicho magharibi mwa Durban. Alianza na hip-hop. Akiwa bado mvulana alimfuata binamu yake, aliyekuwa rapa, hadi studio. Huko akaijua programu ya FL Studio, akaanza kupika biti za kufokea. Baadaye akahamia kwaito, halafu house, na hatimaye gqom, muziki uliozaliwa kwenye vitongoji vya jiji hilo. Habari hii husimuliwa kama safari ya ladha: kijana alibadilika, masikio yakakua. Mimi naisoma kama habari ya nani anamtegemea nani. Biti ya hip-hop ni nyumba isiyo na mpangaji: inangoja rapa, na mpaka aje haina thamani sokoni. Biti ya gqom haimngoji mtu. Ukiisikiliza kwa makini, ngoma nzito inakosekana pale ambapo mpenzi wa house anaitegemea, kisha inaangukia mahali asipotarajia. Besi ya kuimbika haipo. Juu yake unasikia mlio mrefu wa kutisha, na kipande cha sauti ya binadamu, neno moja au mguno tu, kilichokatwa na kurudiwa hadi kigeuke kuwa ngoma nyingine. Hakuna nafasi ya beti, wala beti hazihitajiki. Prodyuza akibonyeza kuhifadhi, wimbo umekwisha na ni wake.

Wapo watakaosema sababu ni kompyuta: vifaa vilishuka bei, kijana akaweza kufanya chumbani kilichohitaji studio nzima. Ni kweli, lakini hoja hiyo haitoshi. Programu aliyoitumia Lag kwenye gqom ni ileile aliyoanza nayo kwenye hip-hop. Kama kompyuta pekee ingetosha, angekuwa huru tangu siku ile ya kwanza. Tena Durban ilishakuwa na watu waliotangulia kwa njia nyingine. DJ Tira alijenga jina kama DJ, kisha mwaka 2007 akaanzisha Afrotainment, lebo iliyowabeba waimbaji kama Big Nuz. Black Coffee, mzaliwa wa jiji hilo aliyesomea jazz huko huko, alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2005 chini ya Soulistic Music, lebo yake mwenyewe. Hawa waliupata uhuru kwa kuwa na kampuni. Vijana wa gqom hawakuwa na kampuni wala mtaji; walichofanya ni kumwondoa mtu wa kati ndani ya wimbo wenyewe.

Usambazaji nao ulifuata mantiki hiyohiyo. Mwanzoni redio nyingi ziliukwepa muziki huu. Ulionekana mbichi, na wakubwa waliuhusisha na vidonge vya kulevya vya klabu. Njia ikawa teksi, yaani zile hiasi zinazofanya kazi ya daladala na matatu zetu. Dereva alipewa wimbo mpya bure, akaupiga kwa spika kubwa njia nzima, na abiria wakashuka wakiuulizia. Faili zikapita kwenye simu, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye tovuti za kupakua bila malipo. Ni rahisi kuwacheka kwamba waligawa mali yao. Lakini mali gani? Hakuna duka lililokuwa tayari kuwauzia. Walichokuwa wakikijenga ni jina, na jina ndilo lililoitwa kupiga muziki kwenye sherehe Jumamosi. Faili ya bure ilikuwa tangazo la kazi ya kulipwa, jambo ambalo rapa alilijua siku nyingi na prodyuza alikuwa hajawahi kulifaidi.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema kwamba Ulaya ndiyo iliyowatengeneza. Haliwezi kupuuzwa. Lebo ya London, Goon Club Allstars, ilitoa kazi za Rudeboyz mwaka 2015 na za DJ Lag mwaka 2016; mwaka huohuo Gqom Oh!, yenye mizizi Roma, ikatoa mkusanyiko wa sauti ya Durban. Bila lebo hizo, safari za nje zingechelewa. Ila tuangalie walichokuta. Walikuta nyimbo zilizokamilika, mtindo uliokomaa na mji mzima unaoucheza. Kadhalika, Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa singeli kutoka Sisso Studios za Dar es Salaam mwaka 2017, muziki huo ulikuwa umeshakesha kwenye vigodoro vya mitaani miaka mingi. Mgeni aliongeza soko, na soko si jambo dogo. Lakini uwezo wa prodyuza kusaini mkataba kwa jina lake, bila kumsubiri mwimbaji akubali, ulitokana na namna wimbo ulivyotengenezwa Clermont.

Uhuru huo ulikuja na gharama, na hapa ndipo wanaousifia gqom huwa wanapita haraka. Sauti ya mwimbaji ni muhuri. Hata mtoto anaitambua sauti ya Brenda Fassie; mpangilio wa ngoma hautambuliki hivyo, na wizi wake ni mgumu kuuthibitisha. "Omunye" wa Distruction Boyz, vijana wengine wa gqom, ulipovuma mwaka 2017, ulifuatwa na mzozo wa hadharani kuhusu uhusiano wake na "Trip to New York" ya DJ Lag. Januari 2021 ikaja kubwa zaidi: wimbo "Culture" wa Megan Ryte, uliotayarishwa na will.i.am, ulisikika wazi kuwa umeibeba "Ice Drop" ya Lag. Mashabiki wa Afrika Kusini walipiga kelele mitandaoni, na will.i.am akakiri kosa na kuomba radhi hadharani. Wengi walisherehekea radhi ile. Mimi naona uzito wake uko kwingine. Miaka ishirini nyuma, aliyetengeneza biti kitongojini asingekuwa na jina la kuombwa radhi. Lile lile jina lililosambazwa bure kwenye teksi ndilo lililomfanya mlalamikaji anayesikilizwa.

Sasa waimbaji wamerudi, na wengine wanaliona hilo kama mwisho wa habari. "Wololo" ya Babes Wodumo ilipolipuka mwaka 2016, nchi nzima ilimjua mwimbaji kabla ya kujua kwamba Distruction Boyz walikuwa nyuma ya mdundo. Hapo wakosoaji wana haki. Lakini tazama yaliyofuata. Mwaka 2019 DJ Lag alikuwa miongoni mwa watayarishaji wa "My Power" kwenye albamu ya Beyoncé, wimbo wenye waimbaji lukuki, na bado Durban iliupokea kama ushindi wa Lag. Mwaka 2022 alitoa albamu "Meeting with the King", na mwaka huohuo Black Coffee akashinda Grammy kwa "Subconsciously", albamu iliyojaa sauti za watu, Usher na Pharrell Williams wakiwemo. Kwenye jalada, jina ni la Black Coffee. Mwimbaji amekuwa mgeni mwalikwa.

Wasiwasi wangu uko kwa wengine. Mfumo huu uliwalipa wale walioweza kupanda jukwaani, kwa sababu pesa ilikuwa jukwaani. Mtu hodari wa kutengeneza lakini asiyetaka kuwa DJ alibaki na faili zake zikizunguka, nyingine zikiwa zimeshabadilishwa jina na aliyezipakia tena. Kwa huyo, mirabaha ndiyo ingekuwa mshahara, nayo hailipwi kwa wimbo usiosajiliwa. SAMRO, shirika linalokusanya mirabaha ya watunzi Afrika Kusini, haliwezi kumtafuta mtu ambaye jina lake liliishia kwenye simu ya dereva.