Hofu ya Usukani



Juma hili napenda tutafakari juu ya hofu ambayo wengi huificha kwa kuionea aibu: hofu ya kuendesha gari. Wapo miongoni mwetu wenye leseni kabatini na gari uani, lakini kila safari hutafuta mtu wa kuwaendesha. Nawaelewa, kwani hofu hiyo nimeishi nayo. Nilipokabidhiwa pikapu ya parokia, mikono ilitoka jasho, moyo ukaenda mbio, na macho yakaona ajali kabla gari halijawashwa.

Tusiidharau hofu hii, maana ina sababu. Barabara zetu za Kewanja na Nyamongo tunazifahamu: malori yaendayo mgodini, bodaboda zinazochomoza ghafla, ng'ombe wanaovuka wapendavyo, na vumbi linalofunika vyote. Tena tunabeba kumbukumbu. Tarehe 5 Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana eneo la Sabasaba, hapa hapa mkoani Mara, na ndugu zetu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni huko Karatu, na taifa zima likalia. Aogopaye baada ya hayo si mwoga; anajua thamani ya uhai.

Shida huanza pale hofu inapotuamulia. Kila tunapoikwepa safari tunapata nafuu ya muda mfupi. Lakini mwili hujifunza kwamba tumesalimika kwa sababu tulikimbia, na siku ya pili hofu hurudi ikiwa kubwa zaidi. Hofu hunenepa kwa kukwepwa, hukonda kwa kuzoewa kidogo kidogo.

Katekista wetu mmoja, aliyewahi kuendesha lori, aliniambia: "Padri, usishindane na barabara yote kwa siku moja." Juma la kwanza tulikaa garini injini ikiwa imezimwa, nikavuta pumzi taratibu hadi moyo ukatulia. Juma la pili tukazunguka uwanja wa kanisa, nikizoea klachi na breki. Kisha tukaenda kigango cha jirani asubuhi na mapema, tukairudia njia ile ile hadi ikawa ya kawaida. Lori likitupita, tulikaa pembeni mpaka vumbi litue.

Faida ya hatua hizo niliiona usiku mmoja simu ilipoita. Bibi mmoja ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, alikuwa mahututi, akiomba Mpako wa Wagonjwa. Katekista alikuwa safarini. Hofu yangu haikuwa imekwisha, ila ilikuwa imepungua kiasi cha kuniachia mikono. Niliendesha polepole, nikavuka daraja, nikamkuta yu hai. Akapokea Sakramenti, akanishika mkono kwa muda mrefu. Alfajiri Bwana alimwita.

Ndugu zangu, kushinda hofu si kuwa jasiri wa mwendo kasi. Yesu alipojaribiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Rozari tunayoitundika kwenye kioo haichukui nafasi ya breki. Mwaka 2007 Vatikano ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani wenye amri kumi za madereva, na ya kwanza ni ile ile tuijuayo: kutokuua. Basi tufunge mkanda, tusizidishe kilomita 50 kwa saa penye makazi, na abiria tusimhimize dereva akimbize gari. Hofu iliyofundishwa vema huzaa uangalifu, na uangalifu ni tendo la upendo kwa mtoto avukaye barabara.

Kwa yule aliyenusurika ajali, ambaye hadi leo hushtuka usingizini au hutetemeka asikiapo honi, nasema: sala na tabibu havigombani. Nenda hospitali, ueleze. Kuomba msaada si upungufu wa imani.

Juma hili, kila mmoja achague hatua moja ndogo ambayo hofu imemzuia kuipiga, na amtafute wa kuketi pembeni yake. Nawe uliye hodari barabarani, mwenzako akijifunza, usimcheke, keti naye.

Mungu awabariki, awalinde mtokapo na mwingiapo. Dominika njema!