Kani Ndogo na Uaminifu wa Kipimo

Mtu apimaye mchele kwa pishi, kisha akaupima tena kwa kibaba, hupata idadi mbili zisizolingana: moja na nne. Mchele haukuzidi wala haukupungua. Kilichobadilika ni chombo, na idadi imekifuata chombo. Jambo hili lililo wazi sokoni hufichika mara tu kinachopimwa kinapokuwa kani ndogo, isiyoonekana kwa jicho wala kuhisiwa kwa kidole.

Kamati ya wataalamu wa Uingereza ilipendekeza kipimo cha daini mwaka 1873. Uzito wa miligramu moja hapa duniani hukaribia daini moja. Mwaka 1948 kipimo kikubwa zaidi kilipewa jina la Isaac Newton, na nyutoni moja ni daini 100,000. Kwa mambo madogo nyutoni ni kubwa mno, ikagawanywa: mikronyutoni ni sehemu moja ya milioni ya nyutoni, nanonyutoni ni sehemu moja ya elfu ya mikronyutoni, na pikonyutoni ni sehemu moja ya elfu ya nanonyutoni. Basi daini moja ni mikronyutoni 10, au nanonyutoni 10,000, au pikonyutoni 10,000,000.

Kanuni ya kugeuza ni ile ile ya pishi na kibaba: kipimo kikipungua, idadi huzidi; kipimo kikizidi, idadi hupungua. Agawanyaye kwa 10 mahali pa kuzidisha, kosa lake si la mara kumi, bali la mara mia. Wala hisia hazimwonyi, maana hakuna aliyepata kuishika pikonyutoni mkononi akaujua uzito wake. Kinesini, protini ichukuayo mizigo ndani ya seli hai, husimamishwa na kani ya pikonyutoni zipatazo 6. Mwanafunzi aandikaye mikronyutoni 6 ameizidishia nguvu mara milioni, na karatasi imenyamaza kimya.

Yamkini mtu akasema kuwa kosa la kani ndogo ni kosa dogo. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipoifikia sayari ya Mirihi. Injini zake ndogo zilikuwa zikikisukuma kidogo kidogo safarini. Programu moja ilitoa hesabu ya misukumo hiyo kwa ratili, nyingine ikaisoma kana kwamba ni nyutoni, na kila msukumo ukahesabiwa pungufu kwa zaidi ya mara nne. Haba na haba hujaza kibaba. Nacho kibaba kile kilijaa hasara.

Idadi isiyotaja kipimo chake ni kama shahidi asiyetaja jina lake: huenda asema kweli, lakini hukumu haiwezi kumtegemea. Wajibu wa mwenye kuandika kani, hata iliyo ndogo kuliko uzito wa unyoya, ni kuandika mambo mawili pamoja: ni ngapi, na ni za kipimo gani.