Nilivyojifunza Kuuhoji Udongo

Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari. Kwa miaka mingi nilifundisha historia ya tabianchi kwa ramani na michoro ya vitabuni. Mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, nani alikuwepo enzi za barafu akaona?" nilimjibu kuwa wataalamu wamepima. Nashuhudia leo kwamba swali hilo sasa ndilo moyo wa somo langu, na kilichonibadilisha ni udongo.

Nilipata nafasi ya kusoma Xi'an, Uchina, na masomo yakanifikisha Luochuan, katika mkoa wa Shaanxi. Pale juu wakulima wanalima matufaha. Chini yao kuna udongo wa njano wenye kina cha zaidi ya mita 100. Unaitwa loesi. Ni vumbi lililopeperushwa na upepo kutoka majangwa ya kaskazini magharibi, likatua kidogo kidogo kwa takriban miaka milioni 2.6. Katikati ya unjano huo inapita mikanda myekundu, mmoja juu ya mwingine.

Tulipitisha kipima usumaku kwenye ukuta wa korongo. Kwenye njano namba zilikuwa ndogo. Tulipofika kwenye mkanda mwekundu zilipanda mara kadhaa. Hapo ndipo nilipoelewa. Enzi za barafu, pepo kavu za majira ya baridi zilishusha vumbi jingi. Dunia ilipopata joto, pepo za majira ya joto zikaleta mvua kutoka baharini. Majani yakaota, vumbi likageuka kuwa ile mikanda myekundu, na chuma kilichomo kikabadilika kuwa chembe za madini yenye usumaku, magnetaiti na magemaiti, nyingi zikiwa ndogo kuliko sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Jicho halizioni, lakini kipimo kinazihisi. Sisi tunaoishi kwa kaskazi na kusi tunajua maana ya upepo unaobadilika na mvua yake.

Umri nao umo humo humo. Mwaka 1982 Friedrich Heller na Liu Tungsheng walichapisha vipimo vya Luochuan vilivyoonyesha kuwa vumbi lile limehifadhi mwelekeo wa usumaku wa Dunia, pamoja na ule mgeuko wa takriban miaka 780,000 iliyopita, kaskazini na kusini ya sumaku zilipobadilishana nafasi. Kwa alama kama hiyo tabaka hupata tarehe.

Lakini kilichonigeuza kabisa ni mfano wa Alaska. Huko kuna loesi pia, na namba zake zinakwenda kinyume: vumbi la enzi za baridi ndilo lenye usumaku mkubwa, na udongo wa enzi za joto una mdogo. Maelezo ya watafiti ni kwamba upepo mkali wa enzi za barafu uliweza kubeba chembe nzito za magnetaiti, na upepo ulipopungua nguvu chembe hizo zikapungua. Namba kubwa Luochuan inasema mvua; namba kubwa Alaska inasema upepo. Asiyejua chembe zimefikaje pale atasoma ushahidi kichwa chini.

Tangu nirudi, nafundisha kwa swali hilo la chembe zimefikaje pale zilipo. Wanafunzi wangu huburuta sumaku iliyoviringishwa karatasi kwenye mchanga mkavu wa mtoni, wakapata chembe nyeusi. Kabla ya kuandika lolote lazima wajibu: zimetoka wapi, zimeletwa na nini? Wanagundua kwamba za mtoni zilimong'onyoka kwenye miamba ya juu, kwa hiyo haziwezi kusimulia mvua kama zile za Luochuan.

Walimu wenzangu, watoto wetu watasikia mengi kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ya kweli na ya uongo. Tuwape majibu, ndiyo, lakini tuwafundishe pia kukidai kila kipimo kieleze asili yake. Mtoto aliyezoea kuuhoji udongo hivyo hatadanganywa kirahisi na namba tupu.